Chuma Kilichovishwa Kanzu

Hoja iliyo mezani: chembe za sumaku zilizovishwa polima zimekuwa zikiahidiwa kwa wagonjwa tangu miaka ya 1950, na ahadi zimekuwa nyingi kuliko tiba.

Wanaojadili ni watatu. Mfamasia, ambaye kazi yake ni kuamua hospitali inunue nini na iache nini, anaiunga mkono hoja. Mkemia anaipinga. Mpasuaji wa saratani, aliyewazidi wote umri, hajasema amesimama wapi. Sauti hizi nimezitunga, kwa hiyo msomaji asisumbuke kuwatafuta wenyewe. Dawa, miaka na tarakimu wanazozitaja ni za kweli. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

Kwanza kitu chenyewe. Ni punje ya oksidi ya chuma, ndugu wa karibu wa kutu, yenye upana wa nanomita 5 hadi 15 hivi. Chembe nyekundu moja ya damu ina upana wa nanomita kama 7,000, kwa hiyo hapa tunazungumzia kitu ambacho hadubini ya kawaida ya maabara haikioni kabisa. Punje hiyo hufunikwa kwa polima: dekstrani, wanga, polietilini glaikoli, polistirini. Kisha huchomwa mwilini, au hutiwa kwenye tyubu ya sampuli. Tofauti kati ya njia hizo mbili ndiyo itakayoamua mjadala huu, ingawa watatu hawa watachukua muda kuifikia.

MKEMIA: Watu wakisikia sumaku ndani ya damu wanashtuka, na wana haki. Msumari ukiusugua kwenye sumaku unabaki na usumaku wake. Chembe zenye tabia hiyo zingevutana, zingeganda pamoja na kuziba mishipa. Lakini oksidi ya chuma ikisagika hadi chini ya nanomita 20 hivi hubadilika tabia. Joto la kawaida tu linatosha kuugeuzageuza usumaku wake kila mara, hata jumla yake ikawa sifuri. Ukisogeza sumaku, punje zote zinaitika kwa pamoja. Ukiiondoa, zinasahau papo hapo. Usahaulifu huo ndio uliofungua mlango wa hospitali.

MFAMASIA: Mlango ulifunguka, sikatai. Waliopita wakafika mbali ni wangapi?

MKEMIA: Subiri kaka, sijafika kwenye polima. Punje tupu, hata zikisahau usumaku, hazikai majini. Hunasana zenyewe kwa zenyewe na kuzama. Ndiyo maana tunazivisha kanzu. Dekstrani ni mnyororo wa sukari unaotengenezwa na bakteria, na hospitali ziliizoea zamani kama maji ya kuongezea ujazo wa damu. Ikiizunguka punje, punje inaelea, haigusani na mwenzake, na inadumu ndani ya damu muda wa kutosha kufanya kazi iliyotumwa.

MFAMASIA: Basi dada, tukubaliane jambo moja mapema. Damu haikioni chuma chako. Inaiona kanzu.

MKEMIA: Hilo nalikubali.

MFAMASIA: Na kanzu yenyewe haibaki kama ulivyoishona. Proteini za damu huijia na kujibandika juu yake, hivyo kinachofika kwenye ini ni chembe iliyovaa koti la mgonjwa mwenyewe. Seli walaji za ini na wengu hulitambua koti hilo na kuzimeza. Mkaona mtumie polietilini glaikoli ili proteini zisishike. Sasa tunajua wapo watu wenye kingamwili dhidi ya polima hiyohiyo, na wengine wanazo hata kabla ya kupewa dawa, maana polima hiyo imo kwenye vipodozi na dawa za kawaida. Kila kanzu mpya mnayoshona, mwili unajifunza kuitambua.

MKEMIA: Kutambuliwa na ini si hasara kila mara. Dawa ya kwanza ya aina hii kuruhusiwa Marekani ilijengwa juu ya jambo hilohilo. Feridex, mwaka 1996. Chuma chenye kanzu ya dekstrani, kinachomwa mshipani, ini linakimeza. Kwenye kipimo cha MRI, mahali penye chuma panakuwa peusi. Uvimbe wa saratani hauna zile seli walaji, kwa hiyo ini zima linatiwa giza na uvimbe unabaki mweupe. Kasoro ikageuzwa kuwa kipimo.

MFAMASIA: Na iliondolewa sokoni 2008. Ikafuata Resovist, iliyoingia Ulaya 2001 na kusitishwa huko 2009. Nakukumbusha na ya tatu, Combidex, maana hiyo hata mimi iliniuma. Mwaka 2003 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti wa wanaume 80 wenye saratani ya tezi dume. MRI ya kawaida, ikiangalia tezi moja moja za limfu, iliziona asilimia 35.4 tu ya zile zilizokuwa na saratani. Baada ya kuchomwa chembe zile, asilimia 90.5. Mtu angedhani dunia nzima ingeikimbilia. Mwaka 2007 kampuni ikaondoa maombi yake Ulaya.

MPASUAJI: Kwa nini, unajua?

MFAMASIA: Wenye mamlaka hawakuridhika na ushahidi. Nami naongeza sababu ya dukani, Dokta. Mgonjwa alichomwa leo, akapigwa picha kesho yake. Safari mbili kwa kipimo kimoja, wakati upande wa pili zipo dawa za gadolini ambazo unachoma na kupiga picha hapohapo.

Hapa naingilia. Mfamasia anazisoma tarehe hizi kama vyeti vya vifo, na mtu akizisikia haraka anaweza kudhani dawa zilidhuru watu. Feridex na Resovist ziliachwa kwa sababu ya soko zaidi kuliko madhara. Resovist iliendelea kutumika Japani baada ya Ulaya kuiacha, na Combidex ilifufuliwa na watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, kwa jina jingine. Biashara ina hukumu zake, na si lazima zilingane na za sayansi. Ila kwa mgonjwa aliye Kigoma tofauti hiyo haina maana: dawa isiyouzwa haipo.

MKEMIA: Wewe unahesabu zilizoondoka. Mbona huitaji iliyobaki?

MFAMASIA: Ferumoksitoli? Naitaja. Itaje kwanza wewe, nikumalizie.

MKEMIA: Iliruhusiwa Marekani mwaka 2009. Ni chuma kilekile, kanzu ni ukoo wa dekstrani iliyofanyiwa marekebisho, na imeruhusiwa kama dawa ya upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo, kisha mwaka 2018 kwa watu wazima wengine ambao vidonge vya chuma vimewashinda. Hakuna anayejali usumaku wake hapo. Seli za ini na wengu zinaimeza, zinaivua kanzu taratibu, chuma kinaingia kwenye akiba ya mwili na kutengeneza damu mpya. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 za chuma mwilini. Dozi mbili za miligramu 510, zikipishana siku chache, ni gramu moja nzima. Kidonge kingehitaji miezi, tena kwa tumbo linalouma. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban asilimia 37 ya wajawazito duniani wana upungufu wa damu. Usiniambie hilo si tatizo letu.

MFAMASIA: Ni tatizo letu, tena kubwa. Lakini sikiliza yaliyofuata. Mwanzoni dozi nzima ilisukumwa kwa bomba la sindano kwa sekunde 17. Kufikia Machi 2015, wakala wa dawa wa Marekani alikuwa amepokea taarifa 79 za mzio mkali wa ghafla, na 18 kati ya hizo ziliishia kwenye kifo. Ikawekewa onyo ndani ya kisanduku, daraja la juu kabisa la maonyo kwao, na ikaamriwa ipitishwe kwa dripu, dakika zisizopungua 15. Mwaka huohuo ikaondoka kwenye soko la Ulaya. Na dekstrani, dada, ina historia ndefu ya mzio. Wauguzi waliochoma chuma cha zamani chenye dekstrani wanayo ya kusimulia.

MKEMIA: Baada ya onyo ulifanyika utafiti wa wagonjwa wapatao 2,000, wakiilinganisha na chuma kingine cha mshipani kinachotumika sana, na mzio mkali ulikuwa nadra pande zote mbili. Tena ile nyingine ilishusha fosfeti ya damu kwa wagonjwa wengi zaidi.

MFAMASIA: Sawa. Basi nikupe ferumoksitoli, nikupe na dripu yake, na adrenalini iwe kando ya kitanda. Lakini umeshinda kwa kunionyesha dawa ya kuongeza damu. Hoja ilikuwa juu ya sumaku.

Pigo hilo limempata Mkemia mahali penyewe, na kwa sekunde chache hakuwa na jibu. Ferumoksitoli hutumika pia kwenye MRI, mara nyingi nje ya matumizi yaliyoandikwa kwenye kibali chake, hasa kwa wagonjwa wa figo ambao baadhi ya dawa za gadolini huwa hatari kwao. Hata hivyo, waliolipia utengenezaji wake walilipia chuma.

MPASUAJI: Naomba niulize nisichokielewa, wanangu. Kila baada ya miezi kadhaa mtu ananiletea mchoro. Mgonjwa amelala, sumaku iko juu ya uvimbe, dawa ya saratani imefungwa kwenye chembe, na mishale myekundu inaonyesha dawa yote inakimbilia pale. Nywele hazidondoki, mgonjwa hatapiki. Hii imefika wapi?

MKEMIA: Berlin ilijaribiwa mwaka 1996. Wagonjwa 14 wenye saratani iliyokwisha kushindikana kwa njia nyingine, dawa ni epirubisini, kanzu ni ya wanga. Sumaku ziliwekwa juu ya uvimbe ulio karibu na ngozi. Tiba ilivumilika, na kwa baadhi yao chembe zilionekana kufika.

MPASUAJI: Karibu na ngozi, umesema.

MKEMIA: Ndiyo, Dokta.

MPASUAJI: Uvimbe ulio karibu na ngozi naufikia kwa kisu. Nataka ule wa kongosho.

MKEMIA: Huo hatuwezi kwa sumaku ya kuweka nje. Siwezi kukuficha. Nguvu ya sumaku hupungua haraka sana kadiri unavyokwenda ndani, na kanuni za fizikia, zinazojulikana tangu karne ya 19, zinakataza sumaku iliyosimama nje ya mwili kuwa na kilele cha nguvu katikati ya mwili. Kilele kiko upande wa sumaku daima. Ukitaka kuvuta chembe zifike kwenye kongosho, utakuwa unazivuta kuelekea ngozini.

MFAMASIA: Na ile asilimia sifuri nukta saba?

MKEMIA: Nilijua utaileta. Mwaka 2016 kikundi cha Warren Chan, Toronto, kilikusanya tafiti 117 za miaka kumi, nyingi za panya, kikauliza swali la kawaida tu: katika chembe zote za nano zilizochomwa, za aina yoyote, ngapi ziliingia kwenye uvimbe? Jibu la katikati lilikuwa asilimia 0.7. Wapo waliopinga hesabu hiyo, wakisema dawa ya kawaida ya saratani nayo sehemu yake kubwa haifiki kwenye uvimbe na bado inatibu, kwa hiyo kipimo kiwe muda ambao uvimbe unakaa na dawa. Naona wana hoja. Lakini mchoro wa mishale myekundu, Dokta, uchane.

Mwandishi anayeripoti sayansi kwa Kiswahili angefanya vizuri kuuchana pia. Nimeuona kwenye vijitabu vya semina, kwenye mabango ya mikutano, hata kwenye maombi ya fedha za utafiti yaliyoandikwa na vijana wenye akili kabisa, na kila mara ini halimo. Mwili unachorwa kama bomba lililonyooka kati ya sindano na uvimbe. Kiungo kitakachomeza sehemu kubwa ya dawa kinafutwa kwenye picha, kisha tunashangaa matokeo.

Juu ya tiba ya joto hawakukaa sana. Chembe hizi zikiwekwa ndani ya uga wa sumaku unaogeuka mara 100,000 kwa sekunde, hupata moto, na seli za saratani zikikaa nyuzi 43 na zaidi huanza kufa. Wazo lilijaribiwa kwa mbwa na Gilchrist na wenzake mwaka 1957. Kampuni ya MagForce ya Berlin ilipata kibali cha Ulaya mwaka 2010 kwa saratani ya ubongo, baada ya utafiti wa wagonjwa 59 ambao saratani yao ilikuwa imerudi. Waliishi miezi 13.4 kwa kipimo cha katikati tangu saratani irudi, muda mrefu kuliko ilivyozoeleka, ila hapakuwa na kundi la kulinganisha lililochaguliwa kwa kura.

MFAMASIA: Na mgonjwa aliondolewa madini yaliyoziba meno yake kabla ya kuanza, maana uga ule ungeyachemsha. Akishatibiwa, MRI ya kichwa haisomeki tena kwa sababu ya chuma kilichobaki. Kampuni ikafilisika 2022.

MKEMIA: Zile hazikuvishwa polima kamili. Ilikuwa aminosilani.

MFAMASIA: Kanzu ni kanzu, dada.

Mpasuaji ndiye aliyegeuza mazungumzo. Alikuwa amekaa kimya akisubiri wamalizane, na nadhani alikuwa amekuja na jambo lake tangu mwanzo.

MPASUAJI: Ninyi mnabishana juu ya kutibu. Mimi chembe hizi nazitaka kwa kutafuta. Mwanamke ana saratani ya titi iliyogunduliwa mapema. Swali langu la kwanza ni kama imefika kwapani. Zamani tulizitoa tezi zote za kwapa ili tujue. Tukajua, naye akabaki na mkono uliovimba maisha yake yote, hawezi kubeba ndoo wala kusuka ukili. Siku hizi tunatafuta tezi mlinzi, ile moja au mbili zinazopokea maji ya limfu ya titi kabla ya nyingine. Ikiwa safi, kwapa tunaliacha.

MKEMIA: Na mnaitafuta kwa mionzi.

MPASUAJI: Kwa tekineti-99m pamoja na rangi ya buluu. Tekineti hiyo, kila baada ya saa 6 nusu yake imekwisha. Vituo vya tiba ya nyuklia Afrika Mashariki ni vichache, na viko miji mikubwa. Huwezi kuipakia kwenye basi la usiku. Sasa, chupa ndogo ya chuma kilichovishwa karboksidekstrani hukaa kabatini. Unachoma mililita 2 karibu na chuchu, unakanda titi dakika tano, unasubiri. Chembe zina ukubwa wa nanomita kama 60 pamoja na kanzu yake: ndogo kiasi cha kusafiri kwenye mirija ya limfu, kubwa kiasi cha kunaswa kwenye tezi. Unapita kwapani na kifaa chenye umbo la kalamu nene. Kinalia. Unapasua pale kinapolia, na tezi unaiona kwa macho, imekuwa kahawia iliyokolea karibu na nyeusi.

MFAMASIA: Na kinalia kwa kila koleo ulilolishika.

MPASUAJI: Kabisa. Vyombo vya chuma unaviweka mbali, unashikilia jeraha kwa vyombo vya plastiki, na kifaa unakirudisha kwenye sifuri kila mara, maana hata mwili wenyewe unakisumbua. Mwuguzi wa chumba cha upasuaji asipofundishwa vizuri, utapasua ukifuata mkasi. Lakini kinafanya kazi. Uingereza na Uholanzi waliwajaribu wagonjwa 160, kila mmoja kwa njia zote mbili. Mionzi na buluu zilipata tezi kwa asilimia 95.0 yao, sumaku asilimia 94.4. Marekani waliiruhusu 2018.

MFAMASIA: Dokta, kwa heshima. Wagonjwa wako wengi wanakuja wakiwa hatua ya ngapi?

MPASUAJI: Ya tatu na ya nne.

MFAMASIA: Na tezi mlinzi ni ya nani?

MPASUAJI: Ya aliyewahi. Najua unakonipeleka. Akija na tezi zinazoonekana kwa macho, kifaa hiki hakina kazi. Pesa ile ingelipa wahudumu wa afya wa vijiji wawafundishe kina mama kuwahi.

MFAMASIA: Na kwa huyo mmoja aliyewahi, ipo rangi ya buluu ya bei ndogo.

MPASUAJI: Ipo, naitumia. Buluu peke yake inaikosa tezi mara nyingi kuliko ikiwa na mwenzake, na inapita haraka, kwa hiyo ukichelewa kupasua umeipoteza. Chuma hakiondoki. Kule Sweden wameutumia ukaaji huo kwa akili sana. Wanawake wenye saratani ambayo bado haijavunja ukuta wa mirija ya titi huchomwa chembe siku ya upasuaji wa titi, lakini kwapa haliguswi. Wanasubiri majibu ya patholojia. Yakisema saratani ilikuwa imeshavamia, wanarudi wiki kadhaa baadaye, tezi bado ina chuma chake, wanaitoa. Yakisema haijavamia, kwapa limepona. Wengi wao hawakuhitaji kurudi.

MFAMASIA: Saratani ya hatua hiyo inaonekana kwa mamogramu ya uchunguzi. Nani kwetu anapigwa mamogramu akiwa mzima?

MPASUAJI: Wachache mno. Sibishani nawe hapo. Ila mahali ambapo majibu ya patholojia huchukua wiki, alama inayokaa wiki si kitu cha kudharau. Nikwambie ningefanyaje ningekuwa na kalamu yako. Hospitali ya wilaya, nisingeinunulia. Hospitali inayopasua saratani ya titi kila wiki na haina tekineti, ningeinunulia, na mgonjwa ningemwambia kabla ya kutia sahihi kwamba ngozi yake inaweza kubaki na doa la kahawia kwa miezi, pengine miaka, na kwamba MRI ya titi hilo itasumbua.

Nimeona watu wakiruka habari ya doa kama jambo dogo la urembo. Mwanamke aliyeambiwa ana saratani, kisha akabaki na weusi kifuani ambao hakuna aliyemweleza, ataamini kuwa ugonjwa umerudi. Mpasuaji ameliweka mahali pake: kabla ya sahihi.

MKEMIA: Mmenizungusha kwenye mshipa wa damu saa nzima, na kazi kubwa ya chembe hizi haimo mwilini kabisa. Mtu anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU, Kisumu au Mbeya, akitolewa damu kupima wingi wa virusi, plazma yake inaingia kwenye mashine. Nyingi kati ya mashine zilizotapakaa Afrika Mashariki zinafanya hivi: virusi vinapasuliwa kwa kemikali, chembe za urithi zinajishika kwenye punje za sumaku, sumaku inasogea pembeni mwa kitundu, punje zote zinabanwa ukutani, uchafu unanyonywa, maji safi yanaingia, sumaku inaachia. Tena. Tena. Mwishoni kinabaki unachokipima. Hakuna ini hapo. Hakuna wengu, hakuna mzio. Kanzu inafanya kazi moja tu, kukamata unachotaka na kuacha usichotaka.

MFAMASIA: Hizo nyingi ni kubwa kuliko nano.

MKEMIA: Kwa nje, ndiyo. Lakini kuna zile za John Ugelstad, Mnorwe wa Trondheim. Mwaka 1976 aliweza kutengeneza tufe za polistirini zinazolingana zote kwa ukubwa, kisha vinyweleo vyake vikajazwa punje za nano za oksidi ya chuma. Tufe ni kubwa, usahaulifu ni wa nano. Kufikia 1984 madaktari wa London walikuwa wanazitumia kuondoa seli za saratani kwenye uboho wa watoto, uboho ukiwa nje ya mwili, kabla ya kuwarudishia. Tangu hapo vipimo vya homoni, vya moyo, vya maambukizi, kwa sehemu kubwa hupita kwenye punje za namna hii. Mgonjwa hajui, na hana haja ya kujua.

MFAMASIA: Hoja hii sina ubishi nayo. Lakini bado naagiza kutoka nje kila punje.

MKEMIA: Ndipo ninapotaka kufika. Mwaka 2020 uviko ulipokuja, mashine tulikuwa nazo na watu tulikuwa nao. Vilivyokwisha ni vitendanishi, na punje za sumaku zilikuwa miongoni mwake. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa Stuttgart na Otago walikuwa wametoa mapishi yote wazi kwa jina la BOMB. Kloridi mbili za chuma, moja kwa mbili, unatia alikali. Rangi inageuka nyeusi mbele ya macho yako. Unaweka sumaku ubavuni mwa bika, weusi wote unapanda ukutani, maji yanabaki meupe. Halafu unavisha silika, au polima ya asidi ya methakriliki. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wanaweza.

MFAMASIA: Wanaweza mara moja. Wanaweza mara mia, kila chupa ikiwa sawa na iliyotangulia? Kipimo cha wingi wa virusi kikisoma chini kwa sababu kanzu ya wiki hii ni nyembamba, mama anaambiwa yuko salama kumnyonyesha mtoto, naye hayuko. Jina la nani litakuwa kwenye karatasi? Na hata ukifanikiwa, mashine zile zimefungwa. Zinasoma msimbo wa chupa ya mwenye mashine. Ya kwako hazitaipokea. Mikataba mingi ni ya kupewa mashine kwa sharti la kununua vitendanishi vyao.

MKEMIA: Sikutaka kuanza na wagonjwa. Taasisi zetu za malaria zinakamata mbu kwa maelfu na kutoa vinasaba vyao, kujua ni jamii ipi na kama anastahimili viuatilifu. Huko hakuna mashine iliyofungwa, na mbu akisomwa vibaya, hakuna mama anayeumia siku hiyohiyo. Tuanzie kwa mbu. Twende kwa ng'ombe. Miaka mitano tukiwa na kumbukumbu za kila chupa, ndipo tuje kugonga mlango wako.

MPASUAJI: Hapo mimi ningekuwa na kalamu, ningesaini.

MFAMASIA: Mimi bado. Niletee chupa kutoka makundi matatu tofauti, yaliyotengenezwa wiki tofauti na mikono tofauti, zipimwe sambamba na za kuagiza, kwa sampuli zilezile, na anayepima asijue ipi ni ipi. Niletee na zilizokaa miezi sita kwenye friji ambayo umeme wake hukatika. Zikilingana, za mbu nanunua. Lakini ukiniletea dawa ya saratani inayovutwa kwa sumaku, siipokei hata barua yake.

MKEMIA: Hiyo sikuletei. Za friji nitakuletea za miezi tisa.